Staringi Alipopiga Magoti

Kwetu Ilomba, Mbeya, kulikuwa na sheria moja ya picha: husimulii mpaka umeona di endi kwa macho yako. Siyo umeambiwa na shemeji, siyo umeona trela, siyo umechungulia mlangoni ukafukuzwa. Di endi, yale maneno ya mwisho yanayotokea juu ya kitambaa pamoja na muziki wake. Kiingereza chenyewe hatukijui, lakini hayo maneno tulikuwa tunayajua kama tunavyojua amina.

Mahali penyewe ni kibarazani kwa kinyozi. Jumapili watu wakitoka kanisani wanakuja kunyolewa, wengine wanakuja kukaa tu, na mimi nakaa kwenye debe lililogeuzwa kichwa chini, nasimulia. Lile debe lilikuwa langu. Siku za kazi naziba pancha za baiskeli hapo hapo pembeni, lakini Jumapili mimi ndiyo sinema ya wasioingia sinema: akina mama wa ndizi, wazee, majamaa waliotoka kuchimba dhahabu Chunya na vumbi lao bado liko masikioni. Shule niliishia la saba. Nilifeli vizuri kabisa, ila mdomo haukufeli.

Na picha iliyonipa debe ni Kombeo. Jina lake la Kizungu silijui mpaka leo, sisi tuliita Kombeo basi. Staringi ni jamaa mwembamba, hana bunduki, hana panga, ana kombeo la ngozi kama lile la kufukuzia nyani shambani. Katika pati wani anafuata taji la mtoto wa chifu lililoibwa na adui mmoja mwenye kovu. Anapanda mlima, anavuka mto wenye mamba, anashuka pangoni. Mwisho anazungusha kombeo, jiwe moja tu, paa! Adui chini. Di endi.

Nimeisimulia hiyo miaka, watu hawachoki. Kila nikirudia, adui anaanguka kwa kishindo kikubwa zaidi. Hilo lilikuwa linaruhusiwa. Kishindo ni cha msimuliaji, kuanguka ni kwa picha. Huwezi kumwangusha mtu ambaye picha haikumwangusha.

Watoto wa Ilomba wote wakawa na kombeo. Madirisha ya shule yakajua. Hata kinyozi, ambaye hajawahi kutia mguu sinema, alichukua rangi akamchora staringi ukutani kwake, mzima mzima, kutokana na maneno yangu tu. Uso ulitoka kama wa kinyozi mwenyewe, hatukusema kitu. Ila kombeo lilitoka sawasawa.

Sasa ikaja pati tuu.

Mji ulitingishika. Watu walivaa suruali za bugaluu zilizopigwa pasi, wengine walitembea na viatu vya raizoni vya soli nene kutoka Ilomba mpaka mjini, wakafika na malengelenge, wanacheka. Mimi nilikaa mbele kabisa, kule ambako shingo inauma.

Picha ikaanza vibaya. Adui yuko hai! Kumbe lile jiwe lilimzimisha tu. Hapo watu wakaguna. Staringi akaja, ana mvi. Wakaguna zaidi. Kombeo amelitundika ukutani kama kalenda. Jamaa nyuma yangu akasema, "Mchezo gani huu?" Lakini tukavumilia, maana taji limeibwa tena, na staringi kalitungua kombeo, kaanza safari. Hata mamba walikuwa wale wale, tukawapigia makofi kama ndugu zetu waliopotea.

Akafika kwa adui. Uwanja mkubwa, askari wamejaa na mikuki. Adui kasimama katikati na kovu lake. Staringi akatoa kombeo. Sinema nzima ikaimba, "Piga! Piga! Piga!" Yule bwana akamwangalia adui, akaliachia kombeo likaanguka chini, akapiga magoti.

Halafu, mama yangu! Maganda ya machungwa, kandambili, chupa ya soda, vyote vikaruka. "Huyo siye!" "Rudisha staringi wetu!" Mwenye sinema, Mhindi mmoja, akawasha taa, akakimbia mbele, akatandaza mikono kama anafukuza kuku.

"Pigeni mimi, ndugu zangu! Kitambaa msipige! Kitambaa moja tu iko!"

Picha ikakatwa hapo. Kesho yake ikawekwa tena, ikafika pale pale penye magoti, vurugu ile ile, taa zile zile. Siku iliyofuata mlango ukafungwa. Mwenye sinema akasema hawezi, mkanda unapelekwa Iringa, Jumamosi itakuwa mara ya mwisho huko, halafu unarudi Dar.

Kwa hiyo Mbeya nzima iliona magoti, hakuna hata mmoja aliyeona di endi.

Kibarazani ikawa vita. Kiongozi wa wenye hasira alikuwa fundi cherehani wa jirani, mtu wa sauti, bugaluu zote za Ilomba zimepita kwenye mashine yake.

"Yule siyo Kombeo," akasema. "Wamechukua mzee mmoja wakamvalisha nguo zake."

Mama mmoja muuza ndizi, ambaye hujua picha zote kupitia kwangu, akamjibu, "Mtu akizeeka akipiga magoti kuna ubaya gani? Wewe ya kwako yatakukatalia mapema, unavyokaa kwenye cherehani."

"Mama, hayo ni magoti kwa adui! Siyo ya kupanga ndizi!" Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe! Siku zote unatuambia staringi hapigi magoti. Umekaa kwenye debe umetudanganya. Sasa sema."

Watu wote wakaniangalia.

Kinyozi akafuta mkasi kwenye aproni, akautazama ukuta wake. "Mimi wateja wananicheka. Wananiuliza kama na mimi nikikosea kunyoa napiga magoti. Jumapili nanunua chokaa, nafuta. Mwoga sitaki ukutani."

"Na debe nakalia mimi," fundi cherehani akasema. "Nitasimulia mambo ya kweli. Mpira."

"Picha haijaandika di endi," nikasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haijaisha. Na kama haijaisha, hakuna mtu hapa anayeruhusiwa kumwita mwoga. Hiyo ni sheria. Nakwenda Iringa."

Walivyocheka! "Iringa? Wewe hata kufika Uyole hapo unapumzika njiani!" Mama wa ndizi peke yake hakucheka. Akanipa chane moja, akasema, "Nenda mwanangu, ukamwangalie. Huenda aliona kitu."

Niliondoka Ijumaa juu ya lori la ndizi. Nilikaa juu ya mzigo nimejifunga gunia, barabara ya lami inateleza chini yangu, najiona chifu. Uchifu uliishia Nyololo. Tairi lilipasuka, na kwa pancha mimi ni daktari, nikaziba. Tukasogea kidogo, springi ikakatika. Springi siyo pancha. Dereva akazunguka gari, akavuta blanketi, akasema mpaka mwenye gari alete nyingine, labda Jumatatu.

"Jumatatu mimi sina debe, bwana."

"Debe la nini?"

"Acha tu."

Baridi ya Nyololo sijui imetengenezwa na nani. Nilikunywa chai kwa mama mmoja pale barabarani, na asubuhi ya Jumamosi nikasimama pembeni nanyoosha mkono kwa kila kilichopita. Mabasi yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Lori moja lilipita na ng'ombe nyuma, nikamnyooshea na huyo ng'ombe. Ikasimama pikapu ya kanisa. Ndani kuna mwinjilisti wa Kilutheri, mzee wa makamo, tai imenyooka kama rula.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, kijana. Unakwenda wapi?"

"Iringa, baba."

"Kuna nini Iringa?"

Nikawaza: nikisema sinema, ananiacha. Nikisema uongo, ni mtu wa Mungu. Nikasema, "Kuna mtu amepiga magoti, baba. Wenzangu wamemcheka na kumtupia maganda. Mimi nataka nione mwisho wake."

Yule mzee akaondoa Biblia kwenye kiti cha pembeni. Akafungua mlango. "Panda mbele."

Njia nzima akaniuliza habari za huyo mtu. "Kabla ya hapo alikuwa wa namna gani?"

"Wa kupiga watu mawe, baba."

"Bwana asifiwe! Na familia yake?"

"Familia haikuonyeshwa."

Alimwombea tukipita Mafinga, mkono mmoja kwenye usukani, na mimi nikasema amina kwa nguvu, maana maombi yale nilikuwa nayahitaji kuliko staringi. Tulipopanda kilima kuingia mjini akauliza anishushe wapi. Nikasema pale penye watu wengi. Akasimamisha. Akaona mlango, akaona karatasi kubwa ya rangi, staringi na kombeo lake, mvi zake zote.

"Ndiyo huyu?"

"Ndiyo huyu, baba."

Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vidole vyangu. "Kijana, umenifanya nimwombee mtu wa kwenye karatasi."

"Hata yeye amesikia, baba."

Akatikisa kichwa, akatia gia. Kabla hajaondoka akatoa kichwa dirishani. "Mimi niko kanisani pale chini. Ukitoka uje uniambie kama alisimama."

Ilikuwa ile picha ya saa kumi jioni. Ndani pamejaa, na mimi tena mbele. Pembeni yangu kakaa baba mmoja mpana, koti zito, ananukia moshi wa kuni.

"Umeshaiona, mzee?" nikamwuliza.

"Jana. Tuliizima."

"Na leo?"

"Leo tunaizima tena."

"Sasa tiketi umenunua ya nini?"

"Ya kuzimia." Alisema bila kucheka hata kidogo. "Sikia, bwana mdogo. Hapa kwetu chifu alijimaliza mwenyewe kuliko Mjerumani amshike mkono. Halafu watuletee mtu wa magoti? Iringa hii?"

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Nimetoka Mbeya ya maganda nimekuja Iringa ya chifu. Hawa hawatatupa maganda, hawa watabeba viti. Nikajua wakizima leo, basi. Mkanda unakwenda Dar, kesho chokaa, fundi cherehani juu ya debe langu na mambo yake ya mpira. Nikasema hapana. Sikulala Nyololo kwa ajili ya hili. Leo di endi ninaiona hata kama nitaiona peke yangu chini ya kiti.

Picha ikaenda. Mvi, mamba, uwanja, askari. Nikaona watu wanavuta miguu, wanajiandaa. Yule baba akafungua vifungo vya koti. Staringi akatoa kombeo. Hakuna aliyeimba piga, walikuwa wanajua kinachokuja. Kombeo likaanguka. Goti la kwanza likashuka.

Nikaruka juu ya kiti, nikageuka, nikapiga kelele ya kibarazani, ile ya kumwangusha adui:

"Wanyalukolo, ndugu zangu! Kaeni! Huyu anasalimia! Kamweneee!"

Sasa kuna jambo kuhusu watu wa Iringa. Salamu yao hawaiachi chini. Unaweza kuwakuta nyumba inaungua, ukisema kamwene watakujibu kwanza, halafu ndiyo ndoo za maji. Sinema nzima, midomo iliyokuwa imefunguka kwa matusi, ikatoa kitu kimoja:

"Kamwene!"

Wakajisikia wenyewe, wakapasuka kicheko. Mtu wa nyuma akaongeza, "Mwulizeni na habari za nyumbani!" Kicheko kingine. Na wakati wanacheka, taa hazijawashwa, picha inaendelea kutembea, mahali ambapo haikuwahi kutembea Mbeya wala Iringa.

Adui akasogea pembeni. Nyuma yake, kwenye kigoda, kakaa bibi kizee mdogo kama mtoto, kajifunika shuka. Mama yake adui. Na staringi, magoti yake yale, kichwa chini, amemwelekea yule bibi.

Kicheko kikakatika.

"Aa," akasema yule baba mpana. Vifungo vya koti akavirudisha. "Mama wa watu."

Bibi akanyoosha mkono, akamwekea kichwani.

"Kumbe kweli anasalimia," yule baba akaninong'oneza. "Wewe ulijuaje? Umeshaiona?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Hapa. Sasa hivi."

Mimi nilikuwa natania! Nilitaka wacheke kidogo tu, nipate nafasi. Na wote mle ndani tumelelewa kupiga magoti na kuinama kwa wakubwa toka hatujaota meno, Mnyakyusa, Mhehe, Msafwa, wote. Tukasahau kwa sababu ni staringi. Goti likigusa chini tunasimama, na tukisimama hatuoni yuko nani mbele yake.

Nisiwafiche yaliyofuata. Bibi aliinuka, akachukua bakora, akamchapa mwanawe mwenye kovu mbele ya askari wake wote. Akaingia ndani, akatoka na taji limefungwa kwenye kitambaa, akamkabidhi staringi. Staringi akasimama, akashukuru, akaenda zake. Kombeo akaliacha pale chini. Mlima, jua, muziki. Di endi.

Niliyasoma yale maneno mpaka yakazimika.

Nusu ya sinema ikapiga makofi, nusu ikapiga miluzi. Pale mlangoni wakaanza kugombana upya, safari hii kwa habari kamili. Yule baba mpana akanishika bega. "Nimekaa mpaka mwisho kwa ajili yako, na hakuna hata kofi!"

"Bakora ipo, mzee."

"Mama kumchapa mwanawe haihesabiki. Hiyo ni ya nyumbani."

Nikapita kanisani. Mwinjilisti alikuwa anafunga mlango. "Alisimama?" akauliza hata kabla ya shikamoo.

"Alisimama, baba. Mama mmoja alimwekea mkono kichwani."

Akafunga kufuli polepole, anatabasamu na tai yake.

Lakini kwenye basi, Jumapili ile asubuhi, mimi sikutabasamu. Ukweli ni kwamba picha sikuipenda. Nilitaka jiwe. Nimetoka mbali hivyo, baridi ile, springi ile, na mkononi sina hata jiwe moja la kuwapelekea. Tulipopita Makambako nikaanza kumtengeneza: staringi anasalimia bibi, sawa, halafu adui anachomoa kisu, staringi anaokota kombeo, paa! Nani angejua? Mkanda ungekuwa njiani kwenda Dar. Fundi cherehani angelia kwa furaha. Nilisimulia hiyo kimoyomoyo mpaka Chimala, na ilikuwa tamu, tamu kabisa. Tulipofika Uyole nikaitupa dirishani. Kama naongeza jiwe, basi nilifuata nini Iringa? Jiwe ningeliongezea Ilomba, bila gunia, bila Nyololo.

Nilikuta kibaraza kimejaa. Fundi cherehani yuko juu ya debe, kakunja nne. Kinyozi kachuchumaa ukutani na ndoo ya chokaa, ameshaanza, anapaka kutoka chini kwenda juu.

"Simama!" nikasema. "Nimeiona di endi."

Brashi ikabaki hewani. Nikasimulia nimesimama, maana debe lina mtu. Nikawaambia uwanja, kombeo, goti, kamwene, kigoda, bibi. Nilipofika kwenye bibi, mama wa ndizi akapiga vigelegele. "Nilisema aliona kitu! Sikusema?" Nikamalizia na bakora, taji, mlima.

"Halafu?" akauliza fundi cherehani.

"Di endi."

"Jiwe?"

"Hakuna jiwe."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi tuongezee. Moja tu, la kuagia."

"Siongezi."

"Hiyo picha ni mbovu, bwana!"

"Ni mbovu," nikasema. "Hata mimi nilitaka jiwe. Nilisikitika ndani ya basi kuanzia Iringa. Lakini mwoga hakuwepo mle, kulikuwa na mtu anasalimia mama wa watu. Nimeona kwa macho yangu. Sasa pakeni chokaa kama mnataka."

Wengine wakaanza kubishana, kama kawaida, kwamba salamu gani ya kutupa silaha, na wengine wanauliza kama wao wangemsalimia mama mtu na kombeo mkononi. Fundi cherehani hakubishana. Alinitazama, akauma midomo, akainuka kwenye debe, akalifuta kwa kiganja.

"Picha sijaikubali," akasema. "Lakini angekuwa mwongo angeniletea jiwe. Kaa."

Nikakaa.

Kinyozi akashika brashi, akarudi nyuma hatua kadhaa ili aone kazi yake. Chokaa ilikuwa imefika magotini. Miguu yote ya chini imekwenda, amebaki kuanzia mapaja kwenda juu, kombeo mkononi, uso wa kinyozi mwenyewe, anatokea kwenye weupe ule kama mtu aliyepiga magoti taratibu. Tukamwangalia wote.

"Sasa nifanyeje?" kinyozi akauliza. "Nimchore miguu upya?"

"Mwache," akasema mama wa ndizi. "Amefika."